Mbunge wa Upinzani Afanya Kazi Gani?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Kunduchi

(Mwalimu wa kikundi: kabla ya kufungua redio, andika maneno haya ubaoni kwa herufi kubwa: MBUNGE, UPINZANI, HOJA, KURA, HESABU, SWALI LA NYONGEZA.)

Natumaini mmeketi vizuri, daftari zi mbele yenu, na penseli zimechongwa. Wale mliotoka pwani kwenye mnada wa samaki, poleni na kazi. Wale mliotoka kugonga kokoto, poleni na jua. Karibuni tena katika somo letu.

Juma lililopita tulijifunza jinsi Bunge linavyotunga sheria. Baada ya somo hilo nilitembelea darasa moja hapa Kunduchi. Mama mmoja, mtu mzima, muuza samaki wa kukaanga, aliinua mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akasema hivi:

"Mwalimu, nimezisikia hesabu zako za kura. Chama kikubwa kina watu wengi. Hawa wa upinzani ni wachache. Wanasimama, wanasema, kura ikipigwa wanashindwa. Leo wanashindwa, kesho wanashindwa. Sasa mtu wa kushindwa kila siku tunampeleka Dodoma kufanya nini? Si bora posho yake tungenunulia madawati?"

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini swali lile ni zuri, tena ni gumu, na sikuweza kulijibu kwa neno moja. Basi somo la leo ni jibu langu kwa mama yule, na kwa kila mtu mwenye swali kama lake. Kabla hatujaanza, nasema wazi: darasa hili halipigi kampeni ya chama chochote. Hapa tunajifunza kazi tu.

1. NENO "UPINZANI"

Tazameni neno la pili ubaoni. Upinzani. Watu wengi wakilisikia hudhani ni ugomvi au uadui. Sivyo. Mbunge wa upinzani ni mbunge ambaye chama chake hakikuunda Serikali. Ni mbunge kamili. Ameapa kiapo kile kile, na anafuata Kanuni zile zile za Bunge.

Wavuvi watanielewa upesi. Chombo kikiwa baharini, nahodha ameshika usukani. Mbele amekaa mtu wa kutazama miamba. Mtu huyu hashiki usukani, wala haamui safari inaelekea wapi. Kazi yake ni kupaza sauti, "Mwamba huo!" Nahodha aweza kumsikia au kumpuuza. Lakini mtu huyo akinyamaza, wote wamo hatarini, hata nahodha mwenyewe.

Nchi yetu ilikaa miaka mingi bila wabunge wa namna hii. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1965 sheria iliweka mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1991 Serikali iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi wanataka chama kimoja au vyama vingi. Katika kila watu 100 waliotoa maoni, karibu 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama 20 tu. Hata hivyo tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Uchaguzi Mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mabadiliko hayo ulifanyika mwaka 1995.

Liwekeni jambo hilo moyoni. Upinzani wenyewe ulirudi nchini kwa sababu sauti ya wachache haikutupwa.

Nanyi watu wa Kunduchi si wageni wa mambo haya. Kunduchi imo katika Jimbo la Kawe. Tangu mwaka 2010 hadi 2020 mbunge wenu alikuwa Halima Mdee, aliyechaguliwa kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM. Kwa hiyo mmepata kuwakilishwa na pande zote mbili.

2. KAZI YA KWANZA: KUULIZA

Katiba yetu, katika ibara ya 63, yasema kwamba Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kusimamia huanza na kuuliza.

Mbunge huandika swali lake na kulipeleka mapema kwa Katibu wa Bunge. Swali hufika kwenye wizara inayohusika. Siku ikifika, Waziri au Naibu wake husimama mbele ya Bunge na kusoma jibu. Baada ya jibu, aliyeuliza aweza kuuliza maswali ya nyongeza. Hapo ndipo penye utamu. Jibu la kwanza limeandikwa ofisini kwa utulivu. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo, na Waziri hujibu kwa anayoyajua.

Tena iko siku ya Alhamisi, ambapo wabunge humwuliza Waziri Mkuu mwenyewe.

Yote yanayosemwa huandikwa katika kitabu cha Taarifa Rasmi za Bunge, kiitwacho Hansard. Waziri akisema, "Barabara itakwisha mwaka ujao," neno lake limeandikwa. Mwaka ujao mbunge atafungua ukurasa ule na kumsomea. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi pia ni mali.

Je, mbunge akisema jambo zito, hatashtakiwa? Katiba, ibara ya 100, inampa uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge. Hashtakiwi mahakamani kwa maneno aliyoyasema mle. Lakini Bunge lenyewe laweza kumwadhibu akivunja Kanuni, kama tutakavyoona.

3. KAZI YA PILI: KUSHIKA SHILINGI

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge huzungumza juu ya bajeti, yaani mapato na matumizi ya nchi. Kila Waziri huleta maombi ya fedha za wizara yake.

Hapo mtasikia maneno ya ajabu. Mbunge anasema, "Nisipopata maelezo ya kutosha, nitashika shilingi." Msidhani anamwibia Waziri! Maana yake ni kwamba anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi moja si kitu. Lakini hoja hiyo inawapa wabunge wengine nafasi ya kusimama na kulijadili jambo lile, na Waziri hana budi kueleza zaidi. Mara nyingi Waziri hutoa ahadi, na mbunge huiachia shilingi. Kumbukeni, ahadi ile imeandikwa.

Upinzani ukiwa na wabunge wa kutosha, huunda Kambi Rasmi yenye kiongozi wake, na kila wizara hupewa msemaji wa kuifuatilia. Watu humwita msemaji huyo waziri kivuli. Waziri akisha kusoma bajeti yake, waziri kivuli naye husoma maoni ya upande wake. Wananchi wakasikia hesabu mbili, wakapima wenyewe.

4. KAZI YA TATU: KUKAGUA HESABU

Fedha zikisha kutumika, nani atauliza zilikwenda wapi? Yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Huyu hukagua vitabu na kuandika ripoti. Ripoti hufika Bungeni, na Kamati ya Hesabu za Serikali huichambua. Kamati huwaita wakubwa wa ofisi na kuwauliza, "Risiti iko wapi?"

Kwa desturi, mwenyekiti wa kamati hii hutoka upinzani. Uingereza, ambako kamati ya namna hii ilianzishwa mwaka 1861, nao wana desturi hiyo hiyo. Sababu yake ni rahisi. Aliyepika chakula asiwe yeye peke yake wa kukionja na kusema ni kitamu.

(Mwalimu wa kikundi: zima redio kwa dakika 5. Waulize wanafunzi: Mweka hazina wa chama chenu cha kuweka na kukopa, ni nani anayekagua daftari lake? Kisha fungua redio tena.)

5. MFANO WA JIRANI: FEDHA ZA TEGETA

Sasa tutoke kwenye maelezo, tuje kwenye jambo lililotokea. Jambo hili lina jina la jirani zetu, Tegeta.

Pale Tegeta ulijengwa mtambo wa kufua umeme, wenye nguvu ya megawati 100, mali ya kampuni iitwayo IPTL. Mkataba na TANESCO ulitiwa saini mwaka 1995, na umeme ulianza kuuzwa mwaka 2002. Kwa mkataba ule TANESCO ilipaswa kulipa kila mwezi kwa sababu mtambo upo, hata mwezi ambao haukuwashwa. Ni kama kukodi ngalawa kwa mwezi mzima: siku usiyokwenda baharini pia unaidaiwa.

TANESCO ikaona inatozwa kupita haki, na mzozo ukaanza. Basi mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti katika Benki Kuu. Fedha zikawa zinawekwa humo mpaka mzozo uamuliwe. Akaunti ya namna hiyo huitwa eskro. Maana yake ni fedha za watu wawili wanaobishana, zilizowekwa mkononi mwa mtu wa tatu. Hata nyinyi hufanya hivyo. Watu wawili wakigombania bei ya nyavu, fedha huwekwa kwa mzee mwaminifu mpaka wapatane.

Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha zile zilitolewa, zaidi ya shilingi bilioni 200, wakapewa watu wa kampuni iliyosema imeinunua IPTL. Msisahau fedha za TANESCO zatoka wapi. Zatoka kwa mtu anayenunua umeme, awe na taa moja au friji la kugandishia samaki.

Katika Bunge la bajeti la mwaka 2014 alisimama David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 chama chake kilipata majimbo 4 kati ya majimbo 239. Wanne! Alidai kwamba fedha zile zilitolewa isivyo halali, na kwamba ndani yake zimo fedha za umma. Serikali ilijibu kwamba fedha zile si za umma. Lau jambo lingekatwa kwa kura siku ile, mama yangu wa samaki angesema, "Umeona? Ameshindwa."

Lakini halikuishia pale. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na TAKUKURU walipewa kazi ya kuchunguza. Ripoti ya Mkaguzi ikafika kwa Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa, wa CCM. Tarehe 26 Novemba 2014 kamati ililetea Bunge ripoti yake. Ilisema kwamba zimo fedha za umma katika akaunti ile.

Wabunge walijadili kwa siku kadhaa, na tarehe 29 Novemba Bunge likapitisha maazimio. Hebu fikirini. Wapinzani peke yao wangewezaje kupitisha azimio? Hawakuwa na kura za kutosha. Wabunge wengi wa CCM nao walikubali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu. Mwezi huo huo Rais Jakaya Kikwete alimwondoa kazini Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alijiuzulu. Kwa haki niseme kwamba kila mmoja wao alikana kufanya kosa, na Profesa Muhongo alirudi katika uwaziri mwishoni mwa mwaka 2015. Lakini mambo yaliyokuwa yamefichwa katika makaratasi ya benki yalisomwa hadharani, na nchi nzima ikayasikia.

6. KUSHINDWA KURA SI KUSHINDWA KAZI

Mfano mwingine, kwa ufupi. Mwaka 2007 Zitto Kabwe huyo huyo, akiwa mbunge kijana, alitoa hoja binafsi. Alitaka Bunge liunde kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliotiwa saini London. Hoja ilikataliwa. Tena mwezi wa Agosti Bunge likamsimamisha, asihudhurie vikao mpaka Januari 2008. Kashindwa mara mbili!

Lakini watu walikwisha kulisikia swali lake. Novemba 2007 Rais aliunda kamati ya kuangalia mikataba ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka 2010 Bunge likatunga sheria mpya ya madini. Mrabaha wa dhahabu, yaani fungu linalolipwa kwa Serikali, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi asilimia 4.

Basi mbunge wa upinzani mara nyingi hapimwi kwa kura aliyoshinda siku ile. Hupimwa kwa jambo alilolifunua, na kwa jibu alilolipata kwa niaba yetu.

7. MIPAKA YA KAZI HII

Nisiwadanganye. Kazi hii ina mipaka. Mbunge wa upinzani hana fungu la kujenga barabara. Barabara hujengwa na Serikali. Akiahidi kwamba yeye mwenyewe ataleta lami, mwulizeni ataitoa wapi.

Tena wako wapinzani wanaopiga kelele bila hesabu mkononi. Mtu wa kutazama miamba akipaza sauti kila akiona povu, nahodha hatamsikia siku ya mwamba wa kweli.

Wala kufanya kazi vizuri si kinga ya kiti. Mwaka 2015, mwaka mmoja tu baada ya jambo la Tegeta, Kafulila alishindwa katika uchaguzi wa jimbo lake.

Na idadi nayo ni jambo. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 wabunge wa upinzani walipungua mno. Hawakufikia ile hesabu inayotakiwa na Kanuni ili kuunda Kambi Rasmi. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikushiriki kabisa. Watu wana maoni mengi juu ya sababu zake, na leo sitaziingia. Nitauliza swali moja tu: wauliza maswali wakiwa wachache, nani atauliza? Sheria haimkatazi mbunge wa chama kinachotawala kuuliza. Filikunjombe aliuliza. Lakini ni vigumu zaidi kumhoji mwenyekiti wa nyumba unayolala. Kwa hiyo wananchi nao wasilale.

8. SEHEMU YETU SISI

Mbunge, wa upande wowote, hawezi kuuliza asilolijua. Ndiyo maana tunajifunza kusoma na kuandika. Sikilizeni barua hizi mbili.

Barua ya kwanza: "Mheshimiwa, tuna shida ya maji. Tusaidie."

Barua ya pili: "Mheshimiwa, bomba la mtaa wetu halitoi maji tangu tarehe 3 Machi. Nyumba 40 zinategemea bomba hilo. Tumekwenda ofisini mara 2, tarehe 10 na 17 Machi, na hatukupewa jibu la maandishi. Tunaomba uulize: matengenezo yataanza lini, na fedha zake zimetengwa kiasi gani?"

Barua ya kwanza itapata pole. Barua ya pili inaweza kuwa swali Bungeni jinsi ilivyo. Ina mahali, ina tarehe, ina hesabu, ina ombi. Waziri akilijibu juu juu, mbunge ana kitu cha kumrudishia katika swali la nyongeza.

Sasa namrudia mama yangu. Mama, uliniuliza kwa nini tumpeleke Dodoma mtu wa kushindwa kila siku. Jibu langu ni hili. Hatumpeleki ashinde tu. Tunampeleka aulize mbele ya watu, ili mwenye fedha zetu ajibu mbele ya watu, na jibu liandikwe. Asipouliza, posho yake kweli ingefaa madawati. Akiuliza vizuri, swali moja laweza kuokoa fedha za madawati ya nchi nzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Upinzani na uadui vina tofauti gani?
2. Kwa nini mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali hutoka upinzani?
3. Kushika shilingi maana yake nini?
4. Katika jambo la Tegeta, wapinzani wangefika wapi bila kura za wabunge wa CCM?

ZOEZI LA NYUMBANI

Andika barua ya mistari 4 kwa mbunge wako juu ya jambo moja la mtaa wako. Weka mahali, tarehe, hesabu na ombi. Usiandike matusi, wala usiandike usilolijua. Asiyeweza bado kuandika peke yake, amwambie mwenzake maneno, kisha atie sahihi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wa kikundi azikusanye barua. Tatu zilizo bora tutazisoma redioni.

Juma lijalo somo letu litakuwa juu ya diwani na kazi zake katika kata. Mpaka wakati huo, ndugu wasikilizaji, nawatakia jioni njema. Kwaherini.